Mistari Kumi na Minne

Chupa yenyewe ilikuwa ya asali. Mwaija aliisugua kwa mchanga na maji ya moto mara tatu, maana pale hospitali ya Korogwe dawa ilikuwapo ila chupa kila mtu alikuja na yake. Hata baada ya kusuguliwa hivyo, sisimizi hawakuacha kuifuata. Muuguzi Dorkasi aliinusa, akacheka kidogo.

"Haya, baba yako atakunywa uchungu unaonukia asali."

Akaijaza dawa, akabandika plasta ndefu ubavuni mwa chupa, akachora mistari kwa kalamu, mmoja chini ya mwingine, kumi na minne. Kila mstari siku moja. Juu ya mistari akaandika kwa herufi kubwa: VIJIKO 2. ASUBUHI, MCHANA, JIONI. USIZIDISHE.

"Kusoma unajua, mdogo wangu?"

"Najua, sista. Nilifika darasa la nne."

Alilitaja lile darasa la nne kama mtu anayetaja jino lililong'olewa. Dorkasi hakuliona hilo. Alikuwa Mshambaa wa Bungu, mwanamke mpana mwenye sauti ya upole, na nyuma yake walikuwa wamepanga foleni watu arobaini.

"Basi soma."

Mwaija akasoma, neno kwa neno, mpaka lile la mwisho.

"Hilo la mwisho ndilo kubwa," Dorkasi alisema. "Mzee walimpasua, wakatazama, wakamshona. Ini lote limeshikwa. Hakuna wa kukudanganya hapa. Hii si ya kumponya, ni ya kumpunguzia. Lakini ikizidi, mtu hulala, na usingizi ule hauna kuamka. Umenielewa?"

"Nimeelewa, sista."

"Kijiko cha chai, si cha kulia wali."

"Cha chai."

Mwaija aliifunga chupa ndani ya khanga, akaishika tumboni kwenye basi mpaka Kabuku, na kutoka Kabuku akatembea saa mbili nzima kuingia ndani, kwao, bila kuihamisha mkono. Jua lilikuwa la kiangazi kikali. Njiani aliwaza jambo moja tu: kwamba katika nyumba yao yote, wakubwa kwa wadogo, ni yeye peke yake aliyejua kwamba dawa ya kupunguza na dawa ya kumaliza zimekaa chupa moja.

Kosa lake ni kwamba alilisema. Alimwambia shangazi yake, Tatu, ili asije akaigusa chupa kwa kutojua. Na Mzee Mdoe, baba yake, alikuwa amelala pale pale barazani, macho amefumba, masikio wazi.

*

Mzee Mdoe alikata mkonge miaka kumi na saba kwenye mashamba ya Korogwe, akarudi kwao Handeni na vidole vilivyojaa makovu ya miiba, akalima muhogo. Alikuwa mtu mrefu, mkali, mwenye tumbaku yake shavuni au midomoni siku zote. Miezi mitatu ilitosha kumfanya awe mifupa na tumbo. Mchana walikitoa kitanda chake cha kamba barazani, kwa sababu alitaka kuuona muhogo wake.

Maumivu yalikuwa na saa zake kama mfanyakazi. Akishapewa dawa ya asubuhi alitulia, akaweza kuongea, hata kutania. Jua likifika juu ya ghala, yalianza kurudi. Kwanza alishika ukingo wa kitanda. Halafu alianza kuhesabu kwa Kizigua, polepole, kama anayehesabu mafungu ya mkonge. Halafu hakuhesabu tena. Sauti iliyotoka hapo Mwaija hakuwa na jina lake. Mbuzi wao walizoea kulala chini ya baraza hilo. Siku hizo walikwenda kulala kwa jirani.

Na mwaka wenyewe ulikuwa ule wa kuhamia vijijini. Balozi wa nyumba kumi alikwishapita mara mbili. Kijiji kipya kilipimwa kando ya barabara, karibu na Kabuku. Kila kaya imewekewa kigingi chake na namba. Siku ya tatu tangu chupa ifike, alipita tena.

"Jumamosi lori linakuja kuchukua vitu," alimwambia Abdi, mdogo wake Mzee Mdoe. "Jumapili mapaa yanashushwa. Atakayebaki atabaki na kuta."

"Na kaka yangu?"

"Amri haikutaja wagonjwa, Bwana Abdi."

"Basi haiwahusu."

"Haikusema pia kwamba wabaki." Balozi aliangalia chini. Hakuwa mtu mbaya, na paa lake nalo lilikuwa linashushwa. "Mkitaka nitaomba akae mbele na dereva."

Abdi alicheka kicheko kibaya. "Ile barabara ya ng'ombe? Atafika vipande."

Kesho yake, Jumatano, alikuja Lekishon kumwona mgonjwa. Huyu alikuwa Mmasai wa bondeni, mfugaji, mzee mwenye mguu mmoja uliopinda, ambaye kwa miaka ishirini alibadilishana na Mzee Mdoe maziwa kwa tumbaku na kwa matusi.

"Mzigua, bado upo?"

"Bado, mwizi wa ng'ombe wewe. Nakusubiri utangulie."

"Mimi nitangulie, nani atakuletea maziwa?"

"Yale si maziwa, ni maji yaliyopita karibu na ng'ombe."

Wakacheka wote wawili, na kicheko kikamgeuka Mzee Mdoe tumboni, akajikunja. Saa ya dawa bado. Lekishon alisimama pale akitazama, fimbo yake mabegani, mpaka yale maumivu yalipopita. Kisha alishuka, akakaa chini na Abdi na Tatu, upande wa jikoni, ambako Mwaija alikuwa anasonga bada, ugali wa muhogo.

"Kule kwetu," Lekishon alisema kwa sauti ya chini, "ng'ombe akivunjika mguu tunammaliza. Siku hiyo hiyo. Hata mtoto anajua. Mtu hatummalizi. Nimezeeka nikijiuliza kwa nini, sijajua."

"Kwa sababu mtu si ng'ombe," Abdi alisema.

"Ndiyo. Ng'ombe tunamwonea huruma."

"Astaghafirullahi! Maneno gani hayo mbele ya mgonjwa?" Abdi aliweka kikombe chini. "Roho ameiweka Mungu. Aliyeiweka ndiye anayeitoa. Mimi na wewe kazi yetu ni kushika maji na kusubiri."

"Wewe unasubiri," Tatu alimrukia. Alikuwa dada mkubwa wa wote, mfupi, mkavu, ulimi wake haukuwa na ala. "Wewe unakuja jioni, umekula, umeswali, unakaa robo saa unasubiri, unaondoka. Mwaija na mimi hatusubiri, tunasikia. Tofauti hiyo."

"Kwa hiyo unatakaje, dada? Tumnyonge?"

"Sikusema hivyo! Nasema asomewe Yasini."

"Yasini anasomewa anayekwenda."

"Na huyu anakwenda wapi, sokoni?"

"Nakujua, dada. Unataka asomewe aondoke kabla ya lori."

Mwiko wa Mwaija uliendelea kuzunguka ndani ya sufuria kwa sababu bada ukiiacha inashika. Tatu alifuta uso kwa ncha ya khanga.

"Ndiyo," alisema. "Nataka aondoke kabla ya lori. Wewe hutaki? Sema hutaki, nikusikie."

Abdi alikiokota kikombe chake, akanywa. Baadaye ndiye aliyesema neno ambalo wote walikuwa wakilizunguka. "Mtu akikawia hivi, kuna anayemshika. Kuna radhi ya mtu hajaipata. Tuwaite watu Ijumaa, wamwachilie. Akishaachiliwa na wote, Mungu atafanya lake."

Mwaija alipakua bada. Hakumtazama mtu.

*

Sasa lile darasa la nne.

Mwaija alipokuwa na miaka kumi na miwili, mwaka wa pili wa uhuru, alifanya mtihani pamoja na watoto thelathini na mmoja. Waliopita walikuwa watatu, na msichana alikuwa mmoja. Barua ya kumwita darasa la tano, shule ya bweni, mwalimu aliileta mwenyewe kwa baiskeli. Alimkuta Mzee Mdoe shambani, akamsomea, akamweleza, akampa mkononi. Jioni ile, barazani, Mwaija alimwona baba yake anachana karatasi nzuri, nyeupe, anasokota tumbaku. Kwenye karatasi palikuwa na mhuri wa zambarau. Aliutazama ule mhuri unavyoliwa na moto polepole, akauona mzuri. Hakujua ni nini. Alikwenda kumletea baba yake kijinga cha pili cha moto sigara ilipozimika.

Alikuja kuyajua hayo miaka miwili baadaye, siku alipokutana na mwalimu yule gulioni, naye akamwuliza kwa masikitiko, "Kwa nini ulikataa?" Wakati huo alikuwa ameshachumbiwa. Aliolewa Mombo, na mume mwenye banda la kuuzia abiria wa mabasi chakula. Miaka sita hakupata mtoto, akarudishwa na sufuria mbili. Baba yake alimpokea vizuri. Hakumsema hata siku moja. Lakini barua hakuitaja, na Mwaija naye hakuiuliza. Ilikaa kati yao kama kigoda ambacho kila mtu amezoea kukizunguka.

*

Ijumaa, watu walipotoka msikitini, walikuja. Walijaa uani. Mmoja mmoja alipanda barazani, akamshika mkono Mzee Mdoe, akasema kama ilivyo desturi: "Kama ulinikosea, nimekuachilia. Nami kama nilikukosea, niachilie." Mzee alijibu kila mara, "Nimekuachilia." Alikuja jirani waliyegombania naye mpaka wa shamba. Alikuja mtu aliyewahi kumpiga rungu ngomani, wote wakiwa vijana, akalia. Alikuja Lekishon, hakuijua desturi, akasema, "Mzigua, yale maziwa ni kweli nilitia maji," watu wakacheka huku wanajifuta machozi. Alikuja Abdi. Alikuja Tatu.

Ikabaki zamu ya Mwaija.

Alipanda. Alishika ule mkono wenye makovu. Akafungua mdomo, na kilichokuja mbele ya macho yake kilikuwa mhuri wa zambarau. Alingoja uondoke. Haukuondoka. Baba yake alimtazama, na Mwaija akaona kwamba naye anauona.

"Ni saa ya dawa," Mwaija alisema, akashuka.

Tatu alimfuata mpaka nyuma ya ghala. Alimshika kiwiko, akamgeuza.

"Ni wewe. Mwenyezi Mungu, ni wewe unayemshika. Siku zote hizi natafuta mchawi mbali!"

"Shangazi, niache."

"Una nini naye? Karatasi? Mama yako aliniambia habari za hiyo karatasi kabla hajafa. Karatasi, Mwaija! Mtu anaoza akiwa hai, wewe una karatasi?"

"Nikisema uongo mbele ya watu, huo uongo utamfungulia?"

"Sema tu! Mdomo ukisema, moyo utafuata nyuma."

"Wangu haufuati," Mwaija alisema. "Nimeujaribu."

Aliporudi barazani watu walikuwa wamekwisha kuondoka, wakienda kufunga mizigo yao. Chupa ilikuwa dirishani. Asubuhi ile mistari ilikuwa tisa. Akampa vijiko viwili, akamfuta mdomo. Mzee Mdoe akangoja mpaka dawa ilipomshika, uso ukamlegea, sauti ikamrudia.

"Mwaija, mama."

"Abee, baba."

"Mwalimu alinisomea. Nilijua ni barua gani."

"Najua kwamba ulijua."

"Niliogopa ungeondoka usirudi. Nilikuwa nimewazika watoto watatu kabla yako." Akapumua. "Si udhuru. Nakuambia tu ilivyokuwa."

Mwaija alikunja kitambaa mara mbili, akakikunjua.

"Niachilie," baba yake alisema.

"Baba, lile neno..."

"Silisemi neno. Neno nimepewa na wote leo, hata na Mmasai, na tazama, bado nipo." Kidole chake kilijivuta juu ya shuka, kikaonyesha dirishani. "Nilisikia ulivyomwambia shangazi yako. Wewe nipe la mkono. Kesho wasinibebe. Nimebeba mizigo maisha yangu yote, najua mabega ya watu yanavyoruka. Nisibebwe, mama. Mpaka kesho asubuhi. Nakuomba kama mtoto."

Hakuwahi kumsikia akiomba kitu. Hata maji alikuwa akiamuru.

*

Jumamosi jua lilipotoka watu walikuwa tayari wamo kazini. Abdi na vijana wake walikuwa juu ya nyumba yake wanashusha miti ya paa. Kila mti ulioanguka ulipiga kelele. Tatu alikwenda kukamata kuku. Mwaija alibaki peke yake na baba yake, ndani, kwa kuwa baraza lilijaa mizigo. Alichukua chupa. Mistari minane. Hakuchukua kijiko, alichukua kikombe.

Hakumbuki kwamba aliamua. Alijikuta amekaa ukingoni mwa kitanda, kikombe pajani, anamimina. Mzee Mdoe alikuwa amegeuza uso kuelekea kwake. Alitabasamu, na lile tabasamu lilimfanya awe kijana kwa muda. Akaanza kusoma shahada kwa midomo tu.

Dawa ilishuka kikombeni taratibu, nyeusi kidogo, ikinukia asali. Mstari wa nane, wa saba, wa sita. Hapo ndipo Mwaija alipouona mkono wake.

Ulikuwa umetulia. Umetulia kabisa, kama wa muuza mafuta anayejaza kibaba. Hakuna tone lililomwagika. Mwaija alikuwa mtu ambaye hata akimtoa mtoto funza kwa sindano vidole hucheza, watoto humcheka. Alimfunga mama yake kidevu, siku alipokufa, na ilibidi Tatu amsaidie fundo. Na sasa anammiminia baba yake usingizi usio na kuamka, na mkono hautikisiki. Akauuliza moyoni: wewe mkono, mbona hutetemeki? Na kabla hajamaliza kuuliza alikwisha kujua. Alinusa tumbaku mahali ambapo hapakuwa na tumbaku. Alikuwa barazani, ana miaka kumi na miwili, ameshika kijinga cha moto, anauangalia mhuri ukiungua.

Huu haukuwa mkono wa huruma, au haukuwa wa huruma peke yake. Alishindwa kuitenga huruma na ile hasira ya barua, na aliona kwamba akimpa, hatavitenga mpaka siku ya kufa kwake.

Akakirudisha kinywa cha kikombe kwenye kinywa cha chupa, akairudisha dawa yote. Hata hapo hakumwaga tone.

Mzee Mdoe alikuwa ameiacha shahada. "Umeniogopa," alisema.

"Hapana, baba. Nimejiogopa."

"Ni kikombe tu, Mwaija."

"Mkono huu usiuamini. Ungetetemeka ningekupa."

Mzee alimtazama kwa muda mrefu, kama mtu anayejaribu kusoma na hajui kusoma. Kisha akafungua mdomo, Mwaija akampa vijiko viwili, kama ilivyoandikwa.

*

Walimbeba wanne, kwa kitanda chake mwenyewe kilichofungiwa miti miwili: Abdi, majirani wawili, na Lekishon, ambaye hakuna aliyemwita na ambaye kwao mwanamume mzima habebi kitanda. Kwa sababu ya mguu wake uliopinda, kitanda kiliinama upande kila hatua ya pili. Hakuna aliyethubutu kumwambia aache. Tatu alitangulia na kuku. Mwaija alitembea ubavuni, chupa tumboni, kijiko kwenye fundo la khanga.

Saa ya kwanza Mzee Mdoe alishika ukingo wa kitanda. Saa ya pili alihesabu. Alihesabu mpaka mia na arobaini, na hapo hesabu ikakatika, ikaanza ile sauti. Wabebaji walitembea haraka, wakaona haraka inazidisha. Wakatembea polepole, wakaona polepole inarefusha. Mmoja wa majirani alianza kuimba kaswida kwa sauti kubwa ili asisikie.

"Mpe dawa!" Tatu alimpigia kelele.

"Saa haijafika."

"Saa! Saa ya nani?"

"Imeandikwa, shangazi. Usizidishe. Imeandikwa."

Walimtua kwenye kivuli chembamba cha mgunga, ili wapumzike mabega. Mwaija alipiga magoti. Uso wa baba yake ulikuwa umekuwa wa mtu mwingine. Na katika uso ule, yule aliyeichoma barua hakuwapo tena. Mwaija alimtafuta yule mtu mrefu mwenye tumbaku, yule wa kukasirikiwa, hakumwona. Alikuwapo mzee mmoja tu anayeumia njiani. Akainama mpaka sikioni.

"Baba. Ile karatasi nimekuachilia. Nimekuachilia kwa kweli."

Wote walisikia. Abdi alivua kofia. Lekishon alishusha macho. Tatu aliweka kuku chini, akakaa, mkono mdomoni, anangoja. Wote walikuwa wanangoja. Ndilo lililokuwa limebaki, na sasa limetoka.

Mzee Mdoe alifungua macho, akamtazama binti yake, akamtambua.

"Maji," alisema.

Wakangoja kidogo zaidi. Kisha Abdi akavaa kofia, na wakainua kitanda.

*

Aliishi siku tano. Aliishi chini ya turubai, kwenye kigingi chenye namba yao, vumbi la barabara likimwingia kinywani, lori zikipita, majirani wageni wakisikia kila kitu na kuziba masikio ya watoto wao. Mwaija alimpa vijiko viwili asubuhi, viwili mchana, viwili jioni. Kati ya dozi na dozi alimshika mikono. Mzee hakuomba kitu tena, wala hakuitazama chupa. Mara moja tu, siku ya nne, alisema, "Bado umekasirika?" Mwaija akasema hapana. Mzee akasema, "Basi nini?" naye akamfuta vumbi mdomoni.

Alhamisi asubuhi, kabla ya dozi ya kwanza, alikata roho.

Walimzika siku hiyo hiyo, wa kwanza katika makaburi ya kijiji kile. Abdi, udongo bado mikononi, alimwambia Mwaija mbele ya watu, "Umefanya sawa, mwanangu. Ulisubiri amri ya Mungu." Tatu alisema nyumbani, huku anafunga virago vyake kwenda kwa mwanawe. "Neno ulilichelewesha, dawa ukaipimia. Karatasi yako umelipwa." Wala hakumpa mkono.

Baada ya arobaini Mwaija alipanda basi kwenda Korogwe. Alingoja kwenye foleni tangu saa mbili mpaka saa sita. Dorkasi alimkumbuka kwa chupa; aliipokea, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha.

"Mistari mitatu imebaki."

"Ndiyo, sista. Nikaona nisiitupe. Labda kuna mwingine."

"Pole, mdogo wangu. Pole sana. Alikwenda kwa utulivu?"

Mwaija hakutaka kusema, lakini alisema. Alisema habari za kitanda, na saa mbili za njia, na kuhesabu, na siku tano za turubai. Habari za kikombe hakuzisema.

Dorkasi aliweka kalamu chini.

"Na mistari hii mitatu ilikuwapo wakati wote huo?"

"Ilikuwapo."

"Kwa nini hukumwongezea kijiko? Pale njiani, kimoja. Hata viwili. Kimoja hakiui mtu, kingemshusha tu mpaka mfike."

"Umeandika usizidishe."

"Naandika hivyo kwa kila mtu," Dorkasi alisema taratibu. "Naandika kwa sababu siwajui watu. Sikuandika ili..." Akaacha.

Mwaija alitazama plasta. Herufi zilikuwa zimefifia, lakini zilisomeka. Kumbe palikuwa na nafasi. Kati ya vijiko viwili na kikombe palikuwa na kijiko cha tatu, na cha nne, na yeye aliyejua kusoma hakukiona, kwa kuwa alikuwa akiulinda mkono wake.

"Nilikuwa naogopa," alisema.

"Uliogopa kumwua?"

Mwaija alinyoosha mkono aichukue chupa, aisogeze, afanye lolote. Chupa ikagonga sinia ya bati iliyokuwa mezani, ikagonga tena, ikaendelea kugonga, kwa haraka, kama meno ya mtu mwenye homa, mpaka watu wa foleni wakageuka kutazama. Dorkasi aliweka kiganja chake juu ya mkono ule, akaushikilia mezani. Haukutulia.